Kitanda cha Zamu

28 Oktoba
Mwalimu Nasira wa darasa la watu wazima ametuambia tuandike kila siku mpaka zeituni ziishe, hata kama ni mstari mmoja. Nikamwuliza, niandike nini mimi, mwanamke wa miaka hamsini na sita niliyejifunza kuandika jina langu mwaka juzi? Akasema, "Andika unachopenda na usichopenda, mama Zulikha. Kila mtu huanzia hapo."

Haya. Napenda malufu, muziki wa Konstantina, fidla ikiwa imesimamishwa gotini. Marehemu mume wangu aliipiga kwenye arusi za wilaya hii yote ya Jijel, akarudi ananuka ubani na jasho. Sipendi tamthilia ya Kituruki ya saa kumi. Mwanamke analia vipindi arobaini na kope hazilowi. Mpira sizijui sheria zake, ila najua nani wa kumchukia.

Fudil wangu anarudi Jumapili kutoka jangwani, kwenye visima vya mafuta. Wiki nne kule, wiki nne nyumbani, huu ni mwaka wa nne. Zeituni zinamngoja yeye.

30 Oktoba
Mvua. Nimefua mashuka ya Fudil, hayakauki.

2 Novemba
Amefika. Amekonda. Nikamwekea kahawa na maziwa kama anavyopenda tangu utoto, akaisogeza kando kwa adabu, kama mgeni.

"Mama, hakuna chai ya mnanaa?"

"Wewe chai ulisema ni maji ya wagonjwa."

"Nilisema mimi?" Akacheka. "Basi nilikosea."

Nikachemsha chai. Akanywa bilauri tatu na sukari mpaka kijiko kinasimama. Safari humtoa mtu kwenye mazoea. Atakaa sawa.

3 Novemba
Amelala mchana kutwa. Hakukoroma.

5 Novemba
Leo tumeanza mti wa kwanza, ule wa juu karibu na kijito. Mimi na jirani yangu Dahbia tukatandika turubai, Fudil akapanda na reki yake ya kuchania zeituni. Dahbia kazi haimzuii kusema, na mwaka huu ana meno mapya, basi anasema mara mbili.

Fudil akatundika redio tawini. Nikangoja malufu. Ukatoka rai, muziki wa Orani kule magharibi, mwanamume analalamika kwa ajili ya mwanamke na pombe, na mwanangu juu ya mti anaimba naye neno kwa neno.

Huyu ndiye aliyekuwa akisema rai ni mlevi anayeita teksi! Baba yake alicheka kauli hiyo mpaka akakohoa.

"Mama Fudil," Dahbia akanong'ona, "leo teksi imekuja."

Nikacheka nami. Lakini nilipoinua macho nikaona anavyoshika reki. Alikuwa anachana kwa mkono wa kushoto.

Usiniulize. Labda wa kulia unamuuma.

7 Novemba
Ijumaa. Baada ya swala ilikuwepo mechi, Konstantina na Orani. Katika nyumba hii hiyo ni siku ya kula mbegu za alizeti na kutukanana na televisheni. Fudil alipokuwa na miaka saba alilala na skafu ya Konstantina shingoni, nikahofu itamnyonga, nikawa naamka kumtazama.

Orani wakafunga dakika ya ishirini. Fudil akaruka. Nikadhani ameruka kwa uchungu. Hapana. Alikuwa anashangilia.

"Umeona, Mama? Umeona kipa wenu? Yule kipa ni mlango wa hamamu, kila mtu anapita!"

Wenu. Alisema "kipa wenu."

Nikamwuliza kama anatania. Akanitazama kwa upole, akasema, "Wah, Mama, mpira ni mpira."

Hapa kwetu hakuna mtu anayesema "wah" kwa kuitikia. Hiyo ni ndiyo ya watu wa magharibi. Mtoto akiileta nyumbani kwa mzaha anapigwa kofi la mzaha. Yeye ilimtoka kama pumzi.

8 Novemba
Magunia manne. Sikuzungumza naye sana. Naona haya kuandika kwamba niliogopa.

10 Novemba
Kila asubuhi naingia chumbani mwake kutandika kitanda, nakikuta kimetandikwa. Si kutandikwa kwa kawaida. Shuka limevutwa hadi halina mkunjo, blanketi limekunjwa mara nne na kuwekwa miguuni, juu yake mto, na vitu vyake vyote vimeingizwa kwenye begi, zipu imefungwa. Kama mtu anayekabidhi chumba. Kila asubuhi! Na nguo zake kabatini hazigusi.

Nikamwuliza anakwenda wapi. "Siendi popote, Mama. Mazoea."

12 Novemba
Mvua kubwa, hatukuchuma. Wasila binti yangu amekuja na mumewe. Ameolewa tangu mwisho wa Septemba, amenenepa mashavu, alhamdulillah. Nikamvuta jikoni nikamweleza yote, chai, redio, mkono, mechi.

"Mama, watu hubadilika."

"Chai, sawa. Lakini timu? Nitajie mtu mmoja unayemjua aliyebadilisha timu."

Akafikiri. Akataja mtu aliyebadilisha mke, mwingine aliyebadilisha jina, mwingine aliyehamia Kanada. Timu hakupata.

"Huna wa kumpenda nyumbani sasa, Mama, ndiyo unamhesabia kaka yangu kila tonge." Akanibusu kichwani.

Labda ni kweli. Ila alipokwenda kumsalimia kaka yake, nilimwona anarudi polepole. Akasema tu, "Ameniuliza kama mume wangu anapenda filamu za ngumi."

Fudil na mimi kila Ijumaa tulitazama zile filamu za Kimisri za zamani, nyeusi na nyeupe, tukigombea kitambaa cha kufutia machozi. Filamu za ngumi alisema ni za watu wasio na mama.

14 Novemba
Dahbia amenisimulia, bila mimi kumwuliza, habari za mchungaji wa kwao aliyepotelea jangwani siku tatu. Akarudi mzima, sura ile ile, akala, akaswali. Lakini mbwa wake alimkataa mpaka alipokufa.

"Nani alikufa, mbwa au mtu?"

"Wote wawili. Mama Fudil, wewe una mbwa?"

"Sina."

"Basi wewe ndiye mbwa," akasema, akaona aibu, akaendelea kuokota.

Mchana Fudil alipolala kwenye kochi nikamkunjua mkono wa shati. Kovu la birika, alipokuwa na miaka minne, lipo pale pale. Nimelishika kwa kidole. Mwili ni wa mwanangu, nimeuzaa, naweza kuuapia. Akafumbua macho akanikuta nimeinama juu yake. Akayafumba tena.

15 Novemba
Nimesoma Ayat al-Kursiy mlangoni mwake mara saba.

16 Novemba
Tumekula mikate na mafuta mapya. Nilikuwa nimeanza kutulia. Basi akaanza kucheka peke yake, akasema:

"Unamkumbuka yule punda wetu, Mama, aliyekula tiketi za mechi mfukoni mwa koti?"

Hatujawahi kuwa na punda.

"Punda gani, mwanangu?"

Uso ukampauka. Akaangalia ukuta, akaangalia mikono yake. "Hapana," akasema. "Samahani. Si wangu." Akainuka, akaacha mkate.

Si wangu. Nimeyaandika maneno hayo mara tatu kwenye karatasi nyingine ili niyatazame vizuri. Aliomba msamaha kama mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe msikitini.

17 Novemba
Magunia mawili. Mvua. Sikula.

19 Novemba
Mwalimu Nasira atanisamehe mwandiko.

Leo mvua ilianza kabla ya adhuhuri, tukarudi kutoka shambani. Fudil akaingia chumbani mwake akafunga mlango. Mimi nilikuwa ukumbini nachagua majani kwenye zeituni. Mvua ilikuwa inapiga bati la banda, na katikati ya mvua nikasikia watu wawili wanazungumza chumbani.

Mmoja ni mwanangu. Mwingine simjui. Sauti nzito kidogo, ya kukwaruza, ya mtu anayecheka kabla hajamaliza mzaha wake.

Ile sauti ikasema, "…na mpishi mpya, ndugu yangu, supu yake nimeiangalia nikajiona usoni. Kijiko changu kilirudi kikiwa kisafi zaidi. Haya, na wimbo niliokuachia umeusikiliza? Usiniambie hujasikia."

Na mwanangu akajibu, "Nimesikia. Ulisema kweli. Ni mzuri."

"Najua utaniambia ni mlevi anayeita teksi," ile sauti ikasema, ikacheka.

"Sisemi tena hivyo," mwanangu akasema.

Hapana mtu aliyeingia nyumbani. Mlango wa mbele nilikuwa nimekaa mbele yake. Dirisha la Fudil lina nondo. Nikawa nimeshika konzi ya zeituni, sikujua nimeziponda mpaka nilipoona mafuta yanatiririka kifundoni.

Nikasema bismillahi, nikafungua mlango.

Alikuwa peke yake. Amekaa chini sakafuni, mgongo ameegemeza kitanda kilichotandikwa, magotini ana simu ndogo ya zamani, ya vitufe, imefungwa kwa utepe wa gundi. Ile sauti ilikuwa inatoka humo. Ilikuwa inaendelea kusema habari za kipa.

"Nani huyo?"

"Milud."

"Milud nani?"

"Mwenzangu wa zamu."

Akaizima. Nikakaa naye sakafuni. Akaniambia, na mimi naandika kama alivyosema, maana nataka yakae mahali.

Kule jangwani kila kazi moja ina watu wawili. Mmoja akiwa kazini mwingine yuko nyumbani kwake. Kabati moja, chumba kimoja, kitanda kimoja. Siku ya kubadilishana, yule anayeondoka anatandika, anafungasha, anamwachia mwenziwe. Wanaonana uwanjani tu, mmoja anashuka kwenye ndege mwingine anapanda, dakika tano, wanapeana mkono na ufunguo. Miaka minne! Fudil anasema ukizijumlisha dakika hizo hawakuwahi kukaa pamoja nusu siku.

Lakini kwenye droo waliachiana ile simu. Kila mmoja anarekodi anayotaka kusema: mechi, nyimbo, filamu, mpishi, msimamizi mwenye miguu ya bata. Mwingine anasikiliza wiki nne zake, halafu anajibu. Milud ni wa Relizane, magharibi. Anatumia mkono wa kushoto. Anapenda rai, Orani, filamu za ngumi na chai. Kwao kulikuwa na punda.

"Tulikuwa tunabishana tu," Fudil akasema. "Miaka minne ya kubishana. Hajawahi kukubaliana nami hata mara moja."

"Na sasa yuko wapi?"

"Gari lilipinduka kwenye mchanga, njia ya kisimani. Tarehe ishirini na tisa Septemba."

Nikasema innalillahi. Halafu nikaihesabu tarehe.

Kuna jambo sikuliandika kwenye daftari hili. Sikudhani ni jambo.

Arusi ya Wasila ilikuwa iwe tarehe ishirini na mbili Septemba, na Fudil alikuwa aondoke ishirini na tano. Babu wa bwana arusi akafariki, wakasogeza mbele wiki moja. Na binti kwetu hatoki nyumbani kwake hivi hivi. Anatoka akipita chini ya mkono wa baba yake, chini ya joho la sufu. Baba hayupo. Amebaki kaka. Nani mwingine angemfunika? Basi nikapiga simu ofisini kwao kule jangwani, Fudil amekaa kando yangu, nikakohoa kidogo, nikasema nimelazwa, moyo, nisaidieni mwanangu abaki wiki moja. Walinihurumia. Tukacheka tulipokata simu. Nakumbuka tulicheka.

Na zamu ni zamu. Wa huku asipokwenda, wa kule hatoki.

Fudil akaniona usoni kwamba nimejua. "Ndiyo maana sikukuambia," akasema. "Nilitaka nibebe mwenyewe, Mama. Nikiyapenda anayoyapenda yeye, kuna mtu anayapenda bado. Ni hivyo tu. Halafu siku nyingine siyatafuti, yanakuja yenyewe. Naamka sijui zamu ni ya nani."

Nikamwomba nisikie ya mwisho. Hakutaka. Nikasema mimi ni mama yako. Akabonyeza.

"Fudil, ndugu yangu. Leo ni ya ishirini na nane. Wameniambia mama yako amelazwa. Wewe kaa naye, usiwe na haraka, wiki moja si kitu, mama ni mmoja. Mwambie Milud wa Relizane anamwombea kila swala, ingawa mwanawe ana masikio ya mbao. Na nimekubali kitu kimoja, usicheke: yule kipa wenu si mbaya. Jana aliokoa mbili. Haya, jibu."

Halafu kimya, na upepo kidogo, halafu ikakatika.

20 Novemba
Mtu aliniombea kila swala kwa ugonjwa nisiokuwa nao. Siwezi kuandika.

22 Novemba
Zimebaki siku nane arudi kule. Kule sasa kuna mwenzake mpya, haachi neno wala mkunjo. Leo nimemwita Fudil mara nne yuko kwenye ngazi, hajageuka. Mara ya tano nimeita "Milud," kwa kujaribu tu, Mungu anisamehe.

Akageuka.

Akirudi jangwani hivi, atakayenirudia sitamjua. Nimemwambia: simu hii ina mwenyewe. Mama yake yu hai?

"Yupo."

"Anajua kwamba sauti ya mwanawe iko mfukoni mwako?"

Akaweka mkono juu ya mfuko. Anajua akiirudisha simu atabaki na nini, na mimi simjui atakayebaki. Lakini nimewaambia watu wa kinu wasage zeituni bila sisi, tunakwenda kwa mama huyo.

25 Novemba
Dahbia ataangalia nyumba. Amesema, "Nenda, mama Fudil. Na nilichosema cha mbwa, kifute." Nimemwambia nimekiandika kwa wino.

27 Novemba
Relizane. Mabasi mawili na teksi moja, siku moja na nusu, dereva alipiga rai njia yote na Fudil hakuimba.

Mama yake Milud anaitwa Kheira. Mwanamke mrefu, ana vidole kama vyangu, vya kazi. Fudil aliposema yeye ni nani, alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu mno.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyeniibia mwanangu."

Nikajua sasa lawama inakuja. Haikuwa ile niliyoingoja.

"Mwaka jana alirudi hapa anataka kahawa na maziwa! Milud! Akaanza kusikiliza vifidla vyenu vya kulala usingizi. Akanikalisha tutazame filamu ya mwanamke anayelia, nyeusi na nyeupe, akalia naye. Nikasema mwanangu huyu amerogwa. Nikamchomea ubani wa siku tatu. Dada zake wakanicheka." Akamwachia mashavu. "Hata Konstantina ilipofungwa, nilimwona amenuna. Alidhani sioni."

Fudil akakaa chini. "Hakuniambia," akasema. "Kwenye simu alikuwa akinipinga kila neno."

"Angekukubalia vipi? Ungempata wapi wa kubishana naye?"

Nikamtazama yule mama nikaona: miezi ile yote nilipomngojea mwanangu kule kwetu, nusu yake ilikuwa inakula hapa mezani kwa Kheira. Na wake alikuwa anakula kwangu.

Fudil akatoa simu. Akabonyeza, zote, kuanzia ya zamani. Zilichukua alasiri yote. Kheira alikaa wima, mikono magotini, hakulia. Alicheka pa kucheka, na ile sauti ilicheka naye, kabla ya mzaha kuisha, wote wawili mahali pamoja. Halafu ikafika ya mwisho. Aliposikia habari ya mama aliyelazwa, akanigeukia kwa huruma iliyonikata.

"Umepona, dada yangu?"

Fudil akafungua mdomo aniwahi. Nikamwekea mkono.

"Sikuumwa," nikasema. "Nilidanganya. Nilitaka mwanangu awepo kwenye arusi ya dada yake. Nilikohoa kwenye simu, na wako akabaki mahali pake."

Kheira akainuka. Nje mtu alikuwa anaburuta mtungi wa gesi. Akakusanya bilauri zote, akaenda jikoni, nikasikia anaziosha, moja, moja, tena, zilezile. Nikawaza niondoke. Nikabaki.

Akarudi, mikono inachuruzika maji.

"Leo sitakuambia nimekusamehe," akasema. "Nitakapoweza nitakupigia. Nisipopiga usinipigie."

"Sawa."

"Lakini wewe," akamwambia Fudil, "wewe ulimwacha hajajibiwa. Amesema jibu. Tangu Septemba anangoja. Mjibu."

"Mama Kheira, yeye…"

"Mjibu. Na usimjibu kwa mdomo wake. Hakukuachia simu ujibu kama yeye."

Fudil akaishika simu kwa mkono wa kulia. Akabonyeza kitufe cha kurekodi, kitaa chekundu kikawaka.

"Milud," akasema. "Kipa ni mbaya. Umekosea. Aliokoa mbili kwa sababu washambuliaji wenu wanapiga mpira kama wanafukuza kuku. Hata mimi ningeziokoa. Nimempenda miaka kumi yule kipa na nakwambia ni mbaya. Na wimbo wako…" Sauti ikamkatika, akaitafuta, akaipata, ile yake, nyembamba kidogo inapokasirika, tangu utoto. "Wimbo wako sikuupenda. Nilisikiliza mara mia mbili. Sikuupenda hata mara moja. Haya. Jibu."

Akakiachia kitufe. Kitaa kikazimika. Akaiweka simu juu ya meza, mbele ya Kheira, akarudi nyuma.

Chai ilipoa. Mimi, Kheira na mwanangu tukakaa tunaitazama ile simu, wote watatu, kimya kabisa, tusije tukalikosa jibu.